Kisa cha nyumba iliyoendeshwa kwa kumbukumbu ya mtu mmoja

Usuli

Nyumba hii ina watu sita: baba, mama, watoto watatu, na bibi mzaa baba aliyehamia kwao afya yake ilipoanza kumsumbua. Mtoto wa kwanza ameingia ujanani, wa pili yuko shule ya msingi, wa tatu bado ni wa kushikwa mkono barabarani. Wazazi wote wawili wana ajira. Majina, kazi zao, mahali na umri kamili vimeachwa kwa makusudi, na mambo madogo machache yamebadilishwa ili wasitambulike.

Mgeni akiingia humo asingeona tatizo. Sakafu imefagiliwa, vyombo vimeoshwa, watoto wanaamkia. Kwa miaka kadhaa mama alikuwa akishinda nyumbani, na nyumba ilikwenda vizuri kwa sababu ambayo hakuna aliyeiona kuwa ni kazi: kila kitu kilikuwa kichwani mwake. Alijua soksi za nani ziko wapi, karatasi ipi ya shule inasubiri saini, dawa za bibi zimebaki ngapi, sabuni itaisha lini. Wenzake hawakuwa wavivu. Baba aliosha vyombo bila kinyongo, kijana alifagia, hata mtoto wa pili alikuwa na kikopo chake cha kumwagilia maua. Lakini wote walitenda baada ya kuambiwa, na mwenye kuambia alikuwa mmoja.

Kisha mama akarudi kazini, tena kazi ya zamu. Wiki nyingine anatoka alfajiri, nyingine anarudi usiku watoto wamelala.

Mambo yalivyoharibika

Dalili ya kwanza ilikuwa simu. Mama akiwa kazini, inaita. Funguo za akiba ziko wapi? Chaja iko wapi? “Mama, daftari langu la hesabu umeliweka wapi?” Sikiliza swali hilo la mwisho. Mtoto aliyelibeba daftari jana yake mwenyewe, akalitumia mwenyewe, anauliza mama ameliweka wapi. Hakuwa na utovu wa adabu. Tangu azaliwe, kitu kikipotea hupatikana kwa kumwuliza mama, na hakuona kwa nini asubuhi hiyo iwe tofauti.

Baadaye yakaja makosa ya gharama. Sabuni ya kufulia ikanunuliwa na watu wawili siku moja, huku balbu ya choo ikikaa imeungua kwa muda mrefu kwa sababu kila mmoja alidhani mwenzake ameshaiona. Mtoto wa pili akakosa safari ya shule: fomu ilikuwa chini ya begi, imekunjamana, haijasainiwa, na tarehe imepita. Alilia siku nzima. Wazazi wakagombana usiku wake, kila mmoja akimuuliza mwenzake kwa nini hakulikagua lile begi.

Lililowashtua kweli lilikuwa suala la dawa. Bibi anatumia vidonge vya presha kila siku. Vilikwisha mwanzoni mwa mapumziko ya mwisho wa wiki, naye akanyamaza kwa sababu, kama alivyosema baadaye, aliona nyumba ina mambo mengi na hakutaka kuongeza lake. Akakaa siku mbili bila dawa hadi baba alipomkuta analalamika kichwa. Hakupata madhara ya kudumu. Lakini daktari hakuficha uzito wake: baadhi ya dawa za presha zikikatishwa ghafla, presha huweza kupanda kwa kasi. Baba alirudi nyumbani amenyong’onyea. Mgonjwa alikuwa mama yake mzazi, na yeye hakuwahi kujua hata jina la dawa.

Majaribio mawili yaliyoshindwa

Kabla ya kutafuta ushauri, familia ilikwisha kujaribu yenyewe mara mbili. Majaribio hayo yana mafunzo kuliko mengi yaliyofuata, kwa hiyo yafaa kuyatazama kwa karibu.

La kwanza lilikuwa usafi mkubwa. Wikendi nzima walitoa vitu makabatini, wakatupa, wakagawa, wakanunua masanduku ya plastiki yenye vifuniko, wakayabandika lebo kwa mwandiko mzuri: “betri”, “nyaya”, “vifaa vya shule – akiba”, “vifaa vya shule – vinavyotumika”. Nyumba ikapendeza, wakapiga hata picha. Baada ya wiki chache masanduku yalikuwa matupu nusu, na vitu vyake vimetambaa juu ya vifuniko.

Sababu ni za kimwili kabisa. Kurudisha mkasi kulidai kufungua kabati, kutoa sanduku la juu ili kufikia la chini, kufungua kifuniko, kisha kupanga tena. Kuutupa mezani kulidai kufungua vidole tu. Mtoto mdogo hafiki rafu, wala hajui kusoma lebo. Zile lebo nazo zilikuwa za kina mno: mtu mwenye rula mkononi alilazimika kuamua kama ni ya akiba au inatumika, na mtu aliyechoka haamui, anaiweka popote. Mpango wote ulirahisisha kutazama vitu, ukafanya kuvirudisha kuwe kugumu zaidi kuliko zamani.

Jaribio la pili lilikuwa jedwali la kazi ukutani: majina upande mmoja, siku upande mwingine, nyota kwa aliyetimiza. Watoto walilipenda kwa siku chache. Kisha mama, akirudi kutoka zamu, akajikuta na kazi mpya ya kulikagua. Nani hajafanya? Nani amejibandikia nyota ya uongo? Nafasi ya kufulia kwenye jedwali iko tupu, je, nguo zimefuliwa na mtu akasahau kuweka alama? Jedwali lilikuwa limegawa mikono. Kukumbuka, kufuatilia na kusukuma watu kulibaki kulekule, na sasa kulikuwa na ushahidi ukutani wa kugombania. Siku moja mama alilibandua mwenyewe bila kumwambia mtu, na inasemekana hakuna aliyeuliza limekwenda wapi.

Kutazama kabla ya kugusa

Nilipoitwa kuwashauri, ombi langu la kwanza halikuwapendeza: kwa wiki moja msipange chochote. Nilitaka kuona njia ambazo miguu na vitu hupita humo ndani. Ni mazoea ya zamani. Lillian Gilbreth (1878–1972), mhandisi wa Marekani aliyekuwa pia mama wa watoto 12, alichunguza mienendo ya wafanyakazi viwandani na baadaye akahamishia uchunguzi uleule majikoni, akihesabu hatua na kuuliza kwa nini kitu kikae mbali na mkono unaokihitaji. Mafriji yenye rafu mlangoni na pipa la taka linalofunguliwa kwa mguu huhusishwa na kazi yake. Aliyezoea kutazama hivyo hawezi kuanza na masanduku.

Kijana alipewa jukumu la uandishi. Kila mtu akiuliza kitu kiko wapi, aandike: nani ameuliza, amemuuliza nani, kitu gani. Sikutegemea angelipenda jukumu hilo kiasi kile. Kuwanasa watu wazima kwa kalamu kulimfurahisha kupita kiasi, na daftari lake likawa sahihi kuliko ambavyo mzazi yeyote angeliandika.

Daftari lilionyesha mambo mawili. Maswali yalikuwa mengi, lakini vitu vyenyewe vichache: funguo, viatu vya mtoto mdogo, chaja, karatasi za shule, miwani ya bibi. Nyumba hii haikuwa na vurugu ya vitu mia moja, ilikuwa na vitu vichache vinavyopotea kila siku. Pili, aliyeulizwa alikuwa mama karibu kila mara, hata pale baba aliposimama karibu zaidi na muulizaji, hata pale mama alipokuwa bafuni. Na muulizaji mkubwa wa nyumba, kuwashinda watoto wote, alikuwa baba. Alicheka yaliposomwa. Hakucheka muda mrefu.

Nami kwa upande wangu nilikiona kiti. Kilikuwa karibu na mlango wa mbele, cha mbao, na kila aliyeingia alikitupia alichobeba: begi, koti, funguo, barua. Mama alikuwa amepiga marufuku kukitumia hivyo, na kila jioni alikiondolea mizigo na kuipeleka vyumbani, ambako asubuhi yake ilitafutwa. Kwa maneno mengine, nyumba ilikuwa na mahali pa vitu vya kutokea, na mahali hapo palifutwa kila usiku kwa jina la usafi.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulihusu kiti hicho. Baba alipendekeza kabati lenye milango kwenye korido, lipendeze, lisionekane. Mama naye aliegemea huko, kwa sababu sebule ndiyo uso wa nyumba. Hoja iliyoshinda ilikuwa ya bibi, aliyesema vitu vimeshachagua pa kukaa, ninyi mnabishana navyo. Kiti kikaondoka. Mahali pake pakawekwa kulabu ukutani, za watoto zikiwa usawa wa mabega yao, trei ya wazi ya funguo na miwani, kikapu cha viatu kisicho na kifuniko, na waya mmoja wa chaja uliofungwa kwenye mguu wa meza ndogo usiweze kutembea. Lebo hazikuwekwa. Mtoto mdogo alichagua rangi ya kulabu yake, na hiyo ilitosha kumfanya aitetee dhidi ya kaka yake.

Hapapendezi sana, niseme ukweli. Anayetaka sebule ya picha za majarida hatapata hapa.

Karatasi zilipewa utaratibu mfupi: mtoto akishatundika begi, anatoa kila karatasi iliyotoka shule na kuitia kwenye kibanio kilichopo juu ya trei. Mzazi aliyepo nyumbani jioni hiyo anasaini kabla ya chakula na kuirudisha begini palepale. Tulilisisitiza neno “aliyepo”. Utaratibu uliomtaja mama ungekufa siku ya zamu ya usiku.

Maandalizi ya kesho yaliunganishwa na tukio ambalo lilikuwa tayari linatokea kila siku bila kukumbushwa: kuondoa sahani mezani baada ya chakula cha jioni. Sahani zikishaondoka, kila mtu anaandaa chake cha kesho, ndipo runinga inawashwa. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer aliandika mwaka 1999 kuhusu nguvu ya mipango ya aina hii, “likitokea hili, nitafanya lile”, ikilinganishwa na nia ya jumla. Familia haikuhitaji nadharia hiyo. Walihitaji tu mtu awaambie waache kusema “tuwe tunaandaa mapema” na wataje mapema ni baada ya nini.

Uamuzi mgumu ulikuwa wa umiliki. Badala ya kugawa kazi, waligawa maeneo, na anayepewa eneo analibeba lote. Mtafiti Allison Daminger, katika makala ya mwaka 2019 iliyotokana na mahojiano na wanandoa nchini Marekani, aliigawa kazi ya kufikiri ya nyumbani katika hatua nne: kuona hitaji mapema, kutafuta njia za kulitimiza, kuamua, na kufuatilia. Aligundua kwamba hatua ya kwanza na ya mwisho huwaangukia zaidi wanawake, wakati kuamua hufanywa na wote wawili. Nyumba hii ilikuwa mfano kamili. Baba alishiriki kuamua mambo yote makubwa. Kuona mapema na kufuatilia hakujawahi kuwa kwake.

Hivyo eneo la bibi, yaani dawa, tarehe za kliniki, miwani na usafiri wake, likawa la baba kuanzia mwanzo hadi mwisho. Shule ikabaki kwa mama. Kijana akapewa vitu vya nyumba vinavyoisha, kama sabuni, balbu, betri na karatasi za chooni, kwa kanuni moja: anayefungua cha mwisho anakiandika kwenye orodha iliyo mlangoni mwa friji, na kijana ndiye anayeisoma orodha na kuhakikisha mtu amenunua. Mtoto wa pili akapewa karatasi zake mwenyewe na maua yake ya siku zote.

Dawa: kuacha mtu akosee bila mtu kuumia

Mama aligoma hapo. Kumwachia baba sabuni, sawa. Lakini dawa? Akisahau, anayeumia ni bibi, na mama angejilaumu yeye kwa kujua na kunyamaza. Alisema wazi kwamba ataendelea kuhesabu vidonge kimyakimya, liwe liwalo.

Hofu yake ilikuwa halali, na nadhani washauri wengi huipita haraka mno. Tunawaambia wanawake waachie, wasikumbushe, mwenzao atajifunza akikosea. Kwa chakula cha jioni kilichochelewa, shauri hilo lina mantiki. Kwa vidonge vya presha halina. Na akiendelea kuhesabu kimyakimya, eneo linakuwa la baba kwa jina tu, kwa kuwa baba naye anajua kuna jicho jingine.

Tukatafuta namna ya kuhakikisha kosa linaonekana kabla halijamfikia mgonjwa. Mfamasia aliulizwa kwanza kama vidonge vile vinaweza kutolewa kwenye pakiti zake, maana vipo visivyofaa kukaa nje, naye akathibitisha kwamba vyake vinafaa. Vikawekwa kwenye kisanduku chenye vyumba saba, kimoja kwa kila siku, na baba anakijaza siku ileile kila wiki. Kando, kwenye droo ya juu inayofungwa kwa ufunguo, mbali na mtoto mdogo, ikawekwa akiba ya wiki moja ndani ya bahasha iliyogundishwa. Bibi anajua bahasha iko wapi. Akikuta chumba cha siku ni kitupu, anafungua bahasha, anameza dawa yake kama kawaida, na anaiweka bahasha iliyochanwa juu ya trei ya funguo. Akiba hubadilishwa baba anaponunua dawa mpya, ya zamani ikitangulia kutumika.

Bahasha iliyochanwa juu ya trei ilikuwa na maana moja: baba amesahau, hakuna aliyeumia, ana siku kadhaa za kurekebisha. Mama hakuhitaji kuhesabu. Bibi hakuhitaji kulalamika, na kwa mtu wa tabia yake hilo lilikuwa na uzito, kwa sababu mara ya kwanza alinyamaza kwa heshima. Sasa alikuwa na njia ya kusema bila kusema.

Miezi iliyofuata

Wiki mbili za mwanzo zilikwenda vizuri kupita kawaida, jambo ambalo huwa halinipi matumaini wala hofu. Kila kitu kipya huenda vizuri wiki mbili.

Katika wiki ya tatu zamu ya mama ilibadilika, mtoto mdogo akashikwa na homa, na maandalizi ya usiku yakakatika siku kadhaa mfululizo. Baba alinipigia akisema mpango umekufa. Nilimwambia wasianzishe upya chochote, ila kesho sahani zikiondoka waandae begi moja tu, la mtoto wa pili. Wakafanya hivyo, na siku chache baadaye mabegi mengine yakafuata.

Bahasha ilichanwa mara moja, katika mwezi wa pili. Mama aliiona kwenye trei aliporudi usiku na, kwa maelezo yake mwenyewe, alikaa kitandani akijizuia kumwamsha mumewe. Asubuhi baba aliikuta pale alipokwenda kuchukua funguo. Siku hiyohiyo alinunua dawa, akaweka pia kengele ya kila mwezi kwenye simu yake siku tano kabla ya pakiti kwisha. Kengele hiyo hakuna aliyemshauri. Aliibuni mwenyewe baada ya kuona matokeo ya kusahau, na ndiyo inayofanya kazi hadi leo.

Orodha ya friji ilichukua mkondo ambao hatukuutarajia. Kijana alianza kuitumia kama mhasibu, akaandika hata nani amefungua cha mwisho bila kusema. Bibi akamuunga mkono kwa methali ya “mali bila daftari hupotea bila habari”, na kuanzia hapo ikawa vigumu kumpunguzia ukali. Ilibidi wazazi wamkumbushe kwamba orodha ni ya vitu vinavyokosekana, makosa ya watu hayamo.

Kikao cha kila mwisho wa wiki cha kupitia kalenda, ambacho tulikipa matumaini makubwa, kilidumu kidogo tu. Zamu zilikivuruga, watoto walichoka kusikiliza, na mara mbili kiligeuka kikao cha malalamiko. Wakakipunguza hadi mazungumzo ya wazazi wawili mbele ya kalenda, wamesimama, ratiba mpya ya zamu inapotoka. Huchukua muda wa kunywa chai.

Matokeo

Nusu mwaka baadaye, simu za “iko wapi” wakati mama yuko kazini zimebaki chache, na zinazobaki mara nyingi ni za vitu visivyo na makazi kweli. Hakuna fomu ya shule iliyopitwa na tarehe. Bibi hajakosa dawa hata siku moja tangu bahasha iwekwe. Asubuhi bado zina kelele, maana zina watoto, ila watu hawatoki tena nyumbani wakiwa wamenuniana.

Nguo zimeshindikana. Zinafuliwa, zinaanikwa, zinaanuliwa, kisha zinakaa kwenye kapu bila kukunjwa hadi zinavaliwa kutoka humohumo. Walijaribu kumpa kila mtu kapu lake, wakajaribu kukunja pamoja wakitazama runinga, yote yakapwaya. Sasa wamekubaliana kwamba nguo zisizokunjana sana hazikunjwi kabisa. Chumba cha kijana pia kiliachwa nje ya mpango kwa makubaliano yenye masharti mawili: vyombo vya chakula visilale humo, na mlango ufungwe.

Mama anasema kichwa chake hakijatulia kama alivyotumaini. Bado hushtuka usiku akiwaza dawa, kisha hukumbuka si zake. Nilipomuuliza kama hilo ni afadhali, alifikiri kwanza, akasema ni afadhali lakini si bure: kuna kiasi fulani cha fahari alichokipoteza, cha kuwa yeye ndiye anayejua kila kitu. Sikuwa nimelifikiria hilo, na tangu hapo huwa nawauliza wengine mapema.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi zaidi kilikuwa cha bei ndogo kuliko vyote: kuhamishia mahali pa vitu kule ambako mikono ilikuwa tayari inavitua. Kipimo changu kwa nyumba yoyote ni idadi ya vitendo vinavyohitajika kurudisha kitu. Kikizidi kimoja kwa mtoto, au viwili kwa mtu mzima aliyechoka, kitu hakitarudi, hata lebo iwe nzuri vipi. Vifuniko ni vya vitu vinavyoguswa mara chache kwa mwaka.

Umiliki wa eneo zima ulifanikiwa pale tu kosa lilipoonekana na mwenye eneo kabla ya mtu mwingine kuliokoa. Kwa dawa palikuwa na bahasha. Kwa vitu vinavyoisha palikuwa na orodha ya friji. Kwa nguo hapakuwa na kitu cha namna hiyo: mtu akiacha kukunja, hakuna siku mahususi ambayo jambo hilo linamgonga yeye peke yake, linasambaa kwa wote kidogokidogo. Nadhani ndiyo sababu zilishindikana, ingawa inawezekana pia kwamba watu sita wanaovaa nguo kila siku wana nguo nyingi kuliko saa zilizopo, na hakuna mazoea yatakayolitatua hilo.

Ile wiki ya tatu yafaa isisitizwe kwa kuwa nyumba nyingi hukata tamaa hapo. Watu husikia kwamba mazoea hujengeka kwa siku 21. Utafiti wa Phillippa Lally na wenzake katika University College London, uliochapishwa mwaka 2010 baada ya kufuatilia watu 96 kwa wiki 12, ulikadiria wastani wa siku 66 kufikia kutenda bila kujisukuma, na tofauti kati ya mtu na mtu ilikuwa kubwa: kuanzia siku 18 hadi 254. Uligundua pia kwamba kukosa siku moja hakukuharibu mwenendo kwa kiasi cha maana. Watu wale walikuwa wakijenga zoea moja kila mmoja. Nyumba ya watu sita yenye mazoea manne mapya ina kila sababu ya kuchukua muda mrefu zaidi. Kurudi na begi moja badala ya kuanzisha mpango upya kuliokoa kazi yote.

Kikao cha wiki kilishindwa kwa sababu kilitegemea siku ya wiki, na maisha ya nyumba hii hayaendi kwa siku za wiki, yanaenda kwa zamu. Maandalizi ya usiku yaliegemea sahani, na sahani huondolewa hata siku mbaya. Kikao kilipoegemezwa kwenye ratiba mpya ya zamu, kikapona. Ningelianza nacho huko kwa familia nyingine yenye kazi za namna hiyo.

Kisa hiki kina mipaka yake. Palikuwa na watu wazima watatu, kijana mwenye kupenda kuandika, na bibi mwenye akili timamu anayeweza kufungua bahasha mwenyewe. Pangekuwa na mgonjwa anayesahau, bahasha isingefaa na dawa zingehitaji mtu wa kumpa mkononi. Kwa mzazi aliye peke yake na watoto wadogo, kugawa maeneo hakuna maana kubwa. Huko ningetumia nguvu zote kwenye mlango, kibanio cha karatasi na akiba ya kila kitu kisichopaswa kuisha, kwa sababu nyumba hiyo haina mtu mzima wa pili wa kugundua kilichosahauliwa. Mtoto mkubwa anaweza kupewa eneo moja dogo, lakini liwe ambalo likilala siku tatu hakuna anayelala njaa wala kukosa dawa.